Nilitoka duka la dawa nikaingia kwenye dizaini ya urembo, na bado nasoma lebo kila siku

Watu wengi wananiuliza imekuaje mtu aliyekua anauza panadol na ORS Mbagala saivi anakaa na laptopu anatengeneza lebo za losheni, menyu za saluni na kurasa za watu wa mekapu, na wengi wanategemea niwaambie kuna kozi kubwa nilisoma au kuna mtu alinishika mkono. Ukweli ni kwamba kazi ya kwanza haikuisha, nimehama nayo. Hilo ndo nataka nilieleze vizuri maana naona dada zangu wengi wanaotaka kubadili kazi wanadhani wanaanza sifuri, wanaficha walikotoka, wakati walikotoka ndo kuna hela.

Mi nilikua mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu. Kwa asiyeyajua haya maduka, ni ule mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 ukasambaa nchi nzima, unasoma kozi fupi, unafundishwa dawa zipi unaruhusiwa kutoa na zipi lazima mtu aende hospitali kwanza, alafu unakaa kaunta kuanzia asubuhi mpaka usiku. Kazi ile inakufundisha kusoma maandishi madogo. Tarehe ya kuisha, namba ya toleo, nani katengeneza, nchi gani, ndani kuna nini na kiasi gani, unasoma mpaka inakua tabia, yani mtu akikupa chupa yoyote mkono unaigeuza nyuma wenyewe kabla hata hujaangalia mbele.

Na kaunta ile ndo nilipokutana na urembo kwa upande wake mbaya. Dada anakuja kajitanda mtandio mpaka puani, anaongea taratibu, "da'angu nina shida kidogo," akifunua mashavu yamekua mekundu, yamechubuka, mishipa inaonekana, mikono imekua myeupe ila kwenye viungo vya vidole pamebaki peusi. Mkorogo. Akikuonyesha anachopaka utakuta losheni isiyo na jina imechanganywa na tyubu ya klobetasoli au betamethasoni, hizo ni dawa za steroidi, daktari anampa mtu mwenye ukurutu apake eneo dogo kwa siku chache, mwenzetu anapaka uso mzima mwaka mzima. Ngozi inakua nyembamba kabisa, akiacha ghafla inawaka moto na kuwasha, kwahiyo anarudia tena kupaka ili itulie, anakua mfungwa. Na zebaki inayowekwa kwenye krimu nyingine za kung'arisha ndo kabisa maana ile inapita kwenye ngozi inaingia mwilini na kuharibu figo.

Kilichonikaa kichwani ni maboksi. Yale maboksi yalikua mazuri jamani. Dhahabu inayong'aa, ua moja pembeni, dada mwenye ngozi isiyo na hata kitundu kimoja, na neno asilia limeandikwa kubwa mbele. Ukigeuza nyuma viambato vimeandikwa vidogo kwa rangi ya fedha juu ya nyeupe, na kama zebaki imo sio lazima ukute imeandikwa zebaki, inaweza ikaandikwa kalomeli au jina lingine la kikemia ambalo mteja wa kawaida hawezi kulijua. Nikawa nawaza, kuna mtu alikaa chini akachagua hii rangi, akachagua huyu dada, akamng'arisha, akaamua hiki kiwe kikubwa na hiki kiwe kidogo. Huyo mtu ana ujuzi mkubwa sana. Na ujuzi huohuo ungeweza kumlinda huyu dada aliyesimama mbele yangu. Kuanzia hapo nikawa naangalia kila kitu cha urembo kwa jicho hilo, posta ya saluni, stika ya sabuni, picha ya kichupa cha wanja, nani kaamua nini kionekane.

Kuondoka kwenyewe sina mengi ya kusema. Masaa marefu, mshahara mdogo, na mwenye duka alitaka zile tyubu ziuzwe tu bila maswali, tukawa hatuelewani. Mama yangu hakufurahi, aliniambia mwanangu umesomeshwa dawa unaenda kuchora, na sikumlaumu maana hakuna mtu ukoo mzima aliyewahi kuishi kwa kazi ya kompyuta. Nilichofanya sikuacha siku moja. Nilipunguza zamu kwanza, nikawa nafanya nusu siku dukani na jioni nafanya vitu vya watu kwenye simu, mpaka kazi za jioni zilipoanza kulipa kodi ya chumba ndo nikaaga.

Nilianza na Canva, programu ya kutengeneza posta, kwenye simu kama wengi. Watu wanaidharau lakini mi siidharau, imemfungulia mlango kila mtu mwenye simu ya kawaida. Shida ya Canva ni kwamba ukichukua mpangilio uliopo tayari, saluni tatu za mtaa mmoja zinakua na posta moja, tofauti ni namba ya simu tu. Nikajua lazima nitoke hapo. Nikaenda Kariakoo kwa kaka mmoja mwenye duka la kuprinti stika, nikamuomba nikae pale jioni nimsaidie wateja, anifundishe. Nawaambia kabisa, kama mko Dar na mnataka kujua dizaini ya kweli kakaeni kwenye duka la kuprinti. Kule bado programu ya CorelDRAW ndo inatawala, ukienda na faili lako la aina nyingine wanakuangalia, kwahiyo nikaijua CorelDRAW, nikaijua Photoshop, baadaye nikaingia Figma kwa ajili ya kurasa na programu za simu. Figma inafungukia kwenye kivinjari kwahiyo laptopu ya mtumba inaiweza ila inakula bando. Mwaka 2022 Adobe, wenye Photoshop, walitangaza kuinunua Figma kwa dola bilioni 20, watu wakaogopa itapanda bei, wakaanza kutafuta nyingine, alafu Desemba 2023 dili likafa. Mi kipindi kile niliendelea na kazi tu. Programu zinakuja na kuondoka, macho yako ndo unabaki nayo.

Yule kaka wa Kariakoo alinifundisha vitu ambavyo hakuna video iliyonifundisha. Pinki ile kali inayowaka kwenye kioo cha simu haiprintiki, kioo kinatengeneza rangi kwa mwanga na printa inatengeneza kwa wino wa aina nne, kuna rangi za kioo ambazo wino hauzifikii hata ufanyeje, na watu wa urembo ndo wanazipenda hizohizo. Kwahiyo unamuonyesha mteja kipande kilichoprintiwa kabla hajakubali, sio picha ya WhatsApp. Maandishi madogo meusi yawe wino mweusi mmoja tu, ukichanganya wino zote nne ikisogea hata kidogo mashineni herufi zinakua na kivuli, na kwenye lebo ya krimu herufi zinakua ndogo kweli. Acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu cha kukatia. Na hii ya mwisho naipenda zaidi: bidhaa ya mafuta usiiwekee stika ya karatasi. Mama anauza mafuta ya nazi, anajaza chupa kwa mkono, tone moja likimwagika karatasi inaloa, wiki ya pili dukani chupa inaonekana chafu na mteja anaiacha. Stika ya plastiki yenye leminesheni, yani utando mwembamba wa plastiki juu yake, inagharimu zaidi kidogo ila inakaa.

Hapohapo kwenye mafuta ya nazi. Nilikua na mteja anatengeneza Bagamoyo, akaanza kutuma Njombe, watu wakawa wanarudisha wanasema amechanganya na kitu feki maana yanaganda yanakua meupe. Mafuta ya nazi yakishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi yanaganda yenyewe, Bagamoyo huoni hilo mara nyingi maana ni joto karibu mwaka mzima, Njombe asubuhi ni jiwe. Hatukubadilisha mafuta, tulibadilisha lebo. Tukaandika mbele kabisa, sio nyuma: yakiganda ni kawaida, weka chupa kwenye maji ya vuguvugu. Malalamiko yakaisha. Hiyo ndo dizaini mimi ninayoiamini, sentensi moja mahali sahihi kuliko maua kumi.

Sasa tuongelee ngozi maana hapa ndo moyo wangu uliko.

Simu nyingi tunazotumia zina kitu cha kurembesha uso kimewashwa tayari kwenye kamera, unapiga picha bila kuchagua chochote na tayari imekupunguza rangi, imekulainisha, pua imekua nyembamba. Mtu wa mekapu anapiga picha ya bibi harusi wake, ananitumia, anasema nisaidie ing'ae. Ukiing'arisha tena juu ya ile simu ilivyong'arisha, bibi harusi anakua mtu mwingine. Na mteja mwingine mweusi kama huyo bibi harusi akija kutafuta faundesheni anaangalia ukurasa mzima hajioni. Anaondoka, au mbaya zaidi anaenda kutafuta mkorogo ili afanane na ukurasa. Kwangu hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, kusafisha picha na kubadili ngozi ya mtu, na hii ya pili siifanyi kwa bei yoyote.

Kwahiyo nikajifunza jinsi ya kupiga na kusafisha picha ya ngozi nyeusi ikabaki nyeusi na bado ikawaka. Kwanza zima hicho kitu cha kurembesha. Alafu mtoe mtu kwenye taa za tyubu za saluni, zile zina ukijani ndani yake na ngozi yetu inakua kama ya mgonjwa, ringi laiti nayo inaacha duara la mwanga kwenye paji la uso na ndani ya macho, msogeze tu dirishani asubuhi au chini ya kibaraza. Usimuweke mbele ya ukuta mweupe. Kamera ikiona nyeupe nyingi inadhani picha imezidi mwanga, inapunguza, na uso unazama gizani alafu wewe unalazimika kuuvuta na ndo unapauka. Weka ukuta wa kijani, wa buluu iliyokolea, wa udongo, hata khanga yenye rangi nzito, utaona ngozi inavyojitokeza. Ukifika kwenye kusafisha, vuta vivuli taratibu, uache mng'ao ulivyo maana ngozi nyeusi uzuri wake uko kwenye mng'ao. Na kuna sehemu ya rangi ya machungwa kwenye programu za picha, ukipandisha mwangaza wake ngozi yote inakua nyeupe kwa sekunde moja, watu wengi wanaipandisha wanadhani wanasafisha kumbe wanachubua. Ile usiiguse.

Kuna historia nyuma ya haya yote, sio bahati mbaya. Kipimo cha ngozi ambacho madaktari wametumia miaka mingi kilitoka kwa daktari wa ngozi Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, lengo lake lilikua kujua ngozi inaungua vipi na jua, na mwanzoni kiliangalia ngozi za wazungu tu, sisi tuliongezwa baadaye kwenye madaraja mawili ya mwisho. Yani watu weusi wote duniani, wa Mtwara, wa Shinyanga, wa Lagos, wote tumewekwa kwenye madaraja mawili. Ndo maana ilipofika 2017 Fenty Beauty ya Rihanna ikatoka na faundesheni rangi 40 kwa mpigo watu walilia madukani, na makampuni mengine yakaanza kukimbizana kuongeza rangi. Mwaka 2022 Google wakatoa kipimo cha rangi 10 kilichotengenezwa na Ellis Monk, mwanasosholojia wa Harvard, kwa ajili ya kamera na kompyuta zione ngozi zote vizuri. Mi kile kipimo nakitumia kabisa, nikitengeneza chati ya rangi za poda au lipstiki naiweka kila rangi juu ya ngozi za aina zote kuanzia nyeupe mpaka nyeusi tii, maana lipstiki nyekundu kwenye kipande cheupe cha kompyuta sio lipstiki nyekundu kwenye mdomo wa mtu wa Tabora. Midomo yetu wengi juu ni myeusi na chini ina pinki. Ukionyesha hivyo mteja ananunua bila kuuliza mara mbili, na harudishi.

Nije kwenye lebo, kwenye ile kazi yangu ya zamani. Vipodozi vilikua chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, tangu 2019 kusajili chakula na vipodozi kukahamia TBS, shirika la viwango, na TFDA ikabadilika ikawa TMDA ya dawa na vifaa tiba. Zanzibar wana ya kwao ya chakula na dawa, ZFDA. Mjasiriamali mdogo hayajui haya, anakuja kwako anasema nataka lebo nzuri, na dizaina wengi wanampa lebo nzuri kweli, bila namba ya toleo, bila tarehe ya kutengenezwa na kuisha, bila uzito, bila anwani. Anaprinti elfu kadhaa, anaenda kusajili, anarudishwa, hela imeenda. Mi kabla sijafungua programu namuuliza ndani kuna nini, kwa mpangilio, kilichopo kingi kwanza. Sabuni ya mwani, losheni ya shea, mafuta ya nazi, kila kimoja kina jina lake la kimataifa la kwenye lebo, shea inaitwa Butyrospermum Parkii, nazi Cocos Nucifera, maji Aqua, na yanaandikwa kuanzia kingi kushuka kidogo. Ule mchoro wa kikopo kidogo kilichofunguliwa ulioandikwa 12M maana yake ukishafungua tumia ndani ya miezi 12. Mtu akiniambia ana siri ya biashara hawezi kuniambia kilichomo, tunaagana kwa amani.

Na nimeshaletewa hela nzuri, nzuri kweli kwa wakati ule, na mtu aliyetaka picha za kabla na baada za krimu ya kung'arisha. Nikamuomba viambato, akaniletea karatasi ya nusu. Nikakataa. Hidrokwinoni, ambayo ni kemikali ya kung'arisha ngozi, zebaki na steroidi haziruhusiwi kwenye vipodozi nchini kwetu, na mwaka 2023 nchi zilizo kwenye mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, zilikubaliana vipodozi vyote vya kuongezewa zebaki viishe kufikia 2025, hii sio vita ya mtu mmoja mwenye msimamo mkali. Marafiki waliniambia usipofanya wewe atafanya mwingine. Afanye. Mi nimeziona zile nyuso kaunta.

Kazi ninayoipenda kuliko zote mpaka leo ni ya kikundi cha kina mama wa mwambao wa mashariki wa Unguja, wanalima mwani na kutengeneza sabuni. Mwani ulianza kulimwa kibiashara kule mwaka 1989 na wanaolima wengi ni wanawake, ukiuza mkavu kwa kilo bei ni ndogo mno, ukiusaga ukaufanya sabuni ndo unaona faida, lakini sabuni bila kifungashio kizuri mtalii na mwenye hoteli hawaiangalii. Mimi nilienda na wazo langu la maua na udi. Bibi mmoja kwenye kikundi akaniambia, "mwanangu, siye twaingia baharini kwa bamvua, maji yakishatoka, weka bahari yetu vile ilivyo siku hiyo." Tukasubiri bamvua, siku maji yanapokupwa sana, tukapiga picha, vijiti, kamba, mchanga unaong'aa, kanga zimefungwa kiunoni, mikono. Sabuni ikafungwa kwa karatasi yenye rangi zilizotoka kwenye picha ile, kijani ya mwani, kijivu cha mchanga, hakuna dhahabu hata tone. Wateja wakiishika wanauliza hapa ni wapi, na hilo swali ndo linauza. Watu wa pwani wana urembo wao tangu zamani, liwa, singo ya bi harusi, dalia, udi, asumini, hina, na wote unaweza kuutengenezea sura yake yenyewe bila kukopa sura ya duka la Ulaya. Ila kwenye hina pia nasema, ile piko ya kuchanganya na dawa ya nywele nyeusi inaunguza watu malengelenge, mteja wa koni za hina nikimtengenezea lebo namuambia aandike kilichomo na kama ana hiyo dawa ndani simtengenezei.

Upande wa kurasa na programu za simu nako kuna funzo lilinibadilisha kichwa. Dada mmoja mwenye saluni Sinza alitaka ukurasa wa kuweka miadi. Nikatengeneza kama nilivyoona kwenye mifano ya nje, chagua huduma, chagua siku, chagua saa, lipa. Mzuri, safi. Nikaenda kukaa saluni siku nzima kuangalia wateja wanavyofanya, na hakuna hata mmoja aliyeanza na saa. Wote wanaanza na picha. "Da' nataka kama hii, bei gani?" Alafu yanafuata maswali ambayo fomu ya nje haina kabisa: unakuja na rasta zako au za saluni? Urefu wa bega au wa kiuno? Ndogondogo au za kati? Nywele umeosha au tuoshe hapa? Maana msusi mmoja rasta ndogo za kiuno ni kutwa nzima, za kati ni masaa machache, ukimuwekea mtu saa nne bila kujua hayo umevuruga foleni yote. Tukageuza kila kitu. Ukurasa unaanza na picha za misuko iliyosukwa palepale saluni, ukigusa yeboyebo au twende kilioni au knotless inakuuliza hayo maswali manne kwa vitufe vikubwa, alafu inafungua WhatsApp ikiwa na ujumbe umeshaandikwa tayari, unabonyeza kutuma na dada anapokea kila kitu kwa mara moja. Malipo ni adivansi kidogo kwa lipa namba, ili mtu asipotee. Picha zote nilizipunguza uzito maana mteja wetu yuko kwenye daladala na bando la siku.

Na kwenye daladala kuna jua. Watu wa urembo wanapenda maandishi ya dhahabu ya pinki juu ya krimu, kwenye laptopu ndani ya chumba yanapendeza sana, dirishani pa daladala saa saba mchana hayasomeki. Kuna kiwango cha kimataifa kinasema maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake vitofautiane angalau mara 4.5, kuna vikokotoo vya bure mtandaoni unaweka rangi mbili vinakuambia. Nikiwa na mteja mbishi simbishii, natoka naye nje na simu yake. Na simu yake ndo muhimu, sio yangu, ile ya kioo cha bei nafuu, kama inasomeka pale inasomeka popote. Nina mteja mwingine Muscat, Mswahili wa kule, anauza udi na mafuta ya asumini, yeye anataka Kiarabu na Kiswahili kwenye lebo moja, Kiarabu kinaanzia kulia na Kiswahili kushoto, ikabidi lebo iwe na milango miwili na picha katikati, ile ilinisumbua lakini nilifurahi kuifanya.

Hela sasa, maana najua ndo mnasubiri. Kazi inakuja kwa misimu. Ramadhani mwanzoni kunapoa alafu siku za mwisho kabla ya Idi simu haikai, Desemba ni sendofu na kicheni pati na harusi, Januari hamna kitu kabisa, kwahiyo hela ya Desemba sio ya Desemba. Chukua nusu mwanzo, hata kwa shangazi yako. Andika kwenye ujumbe kabla ya kuanza kwamba marekebisho ni mawili, ya tatu yanalipiwa, na faili la kuprinti linatoka hela ikiisha. Atakuja mtu atakuambia "mdogo wangu nifanyie tu kaposta," jibu kwa heshima, sawa dada, ni shilingi kadhaa, na uendelee na kazi zako. Wengi wanarudi. Alafu mteja wa lebo ni bora kuliko mteja wa posta, posta inaisha kesho, lebo akiongeza harufu mpya anarudi, akibadilisha chupa anarudi, akisajili jina la biashara BRELA anataka logo safi anarudi.

Kuna wanaoniandikia nianzie wapi, sina laptopu. Anza na saluni unayosukwa. Angalia ukutani, bango la bei pale limeandikwa kwa maka pen au limefutika nusu, bei za mwaka juzi. Muombe mwenyewe akupe bei za sasa, kaa naye mpange huduma kwa jinsi wateja wanavyoziita wenyewe, tumia fonti moja tu, herufi kubwa zinazosomeka ukiwa umekaa chini ya draya upande wa pili wa chumba, picha za vichwa vilivyosukwa palepale na rangi ya ngozi usiiguse. Liprinti A3 kwa plastiki sio karatasi, saluni ina mvuke. Likishabandikwa lipige picha wateja wakiwa wamekaa mbele yake na ruhusa yao, na hiyo iwe kazi ya kwanza unayomuonyesha mteja anayefuata.